Moto Chini ya Majivu: Namna Homa ya Ini ya Muda Mrefu Inavyoliharibu Ini

Kwa wananchi wengi nchini, habari kwamba wanaishi na virusi vya homa ya ini huwafikia siku wasiyoitarajia: siku ya kuchangia damu. Damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa maambukizi manne kabla ya kupewa mgonjwa, nayo ni Virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C na kaswende. Mchangiaji aliyefika akiwa na nguvu zake, ambaye jana yake alikuwa akipalilia kibanja au akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, huitwa pembeni na kuelezwa kuwa damu yake haiwezi kutumika. Swali lake la kwanza huwa lile lile: "Mbona siumwi?"

Swali hilo ni la haki, na makala hii inakusudia kulijibu kwa faida ya wakazi wa Kanazi na kata jirani. Anayeelewa kwa nini haumwi ataelewa pia kwa nini anapaswa kurudi kliniki, kwa nini pombe ni adui yake kuliko ilivyo kwa jirani yake, na kwa nini dawa za "kusafisha ini" zinazotembezwa minadani haziwezi kumsaidia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B na milioni 50 wakiishi na homa ya ini C, na kwamba homa ya ini inayotokana na virusi iliua watu milioni 1.3 katika mwaka huo mmoja. Wengi wa waliofariki walipitisha miaka mingi bila kuumwa.

Kiungo kisicholalamika

Ini hukaa upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa takribani kilo moja na nusu. Damu yote itokayo utumboni hupita kwanza humo. Ini huhifadhi sukari ya akiba, hutengeneza protini zinazogandisha damu mtu anapojikata, hutengeneza nyongo ya kumeng'enya mafuta, na huvunjavunja sumu, pombe na dawa ili mwili uweze kuzitoa.

Nyama ya ndani ya ini haina mishipa ya fahamu ya kuhisi maumivu. Ni utando wake wa nje tu unaouma unapovutwa. Aidha, ini lina akiba kubwa ya nguvu: sehemu kubwa yake inaweza kuharibika huku iliyobaki ikiendelea kufanya kazi zote. Sifa hizi mbili, ambazo kwa kawaida ni neema, ndizo zinazowafanya wenye homa ya ini wachelewe kujua. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Askari anayeunguza nyumba anayoilinda

Wengi hudhani kwamba virusi huingia kwenye ini na kulila kama mchwa walavyo boriti. Sivyo ilivyo. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuzaliana ndani ya seli ya ini kwa miaka mingi bila kuiua. Uharibifu mkubwa hutokana na mwili wenyewe unapojaribu kuvifukuza.

Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hutambua seli zilizoambukizwa na kuziua ili virusi visipate makazi. Damu huongezeka mahali hapo, askari wengine huitwa, na kemikali za vita humwagwa. Hali hii huitwa mchochota. Tunauona kila siku kidole kinapochomwa na mwiba: huwa chekundu, huvimba, huuma, na baada ya siku chache hupona kwa kuwa mwiba umetoka. Mchochota wa siku chache ni tiba.

Katika homa ya ini ya muda mrefu, yaani maambukizi yaliyodumu zaidi ya miezi 6, mwiba hautoki. Askari hawawezi kuvimaliza virusi, wala hawaachi kupigana. Kila siku seli chache huuawa na nyingine huzaliwa kuziba nafasi. Moto huo hauna mwali wa kuonekana. Unafuka chini kwa chini kama kaa lililofunikwa majivu jikoni, ambalo mpishi hulikuta bado lina joto asubuhi. Mwenye ini hana homa wala maumivu, lakini moto haujazimika.

Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa hapa. Mtu mzima anayeambukizwa homa ya ini B kwa kawaida hupambana vikali na kupona. Wasiozidi 5 katika kila 100 ndio wanaobaki na virusi. Kwa mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume chake: takribani 90 katika kila 100 hubaki navyo, kwa sababu askari wa mwili wake bado hawajajua kutofautisha mwenyeji na mvamizi. Ndiyo maana wengi wa wanaogunduliwa wakiwa na miaka 35 au 40 wamekuwa na virusi hivyo tangu utotoni.

Ndizi iliyomenywa

Pamoja na mchochota kuna jambo la pili linalokwenda nalo bega kwa bega. Wataalamu huliita mkazo wa oksidishaji. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe liko katika kila jiko la mkoa wetu. Mama anapomenya ndizi za kupika na kuziacha wazi, hugeuka rangi na kuwa nyeusi. Akizitumbukiza katika maji, hubaki na weupe wake. Kinachozibadili ni oksijeni ya hewani inapokutana na nyama ya ndizi. Jembe lililoachwa kwenye umande hushika kutu kwa sababu hiyo hiyo.

Mwili nao hutumia oksijeni. Ndani ya kila seli mna vijinu vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo chakula huunguzwa kupata nguvu. Kama moto wowote, moto huo hutoa cheche: molekuli za oksijeni zenye ukali, zinazogusa na kuharibu kila kilicho karibu, yaani mafuta ya ukuta wa seli, protini, na hata vinasaba vyenye maagizo ya uhai. Cheche chache ni jambo la kawaida. Mwili una vizimamoto vyake, viitwavyo antioksidanti, na kilicho muhimu zaidi kati yake ndani ya seli za ini ni glutathioni, ambayo ini hujitengenezea lenyewe. Mkazo wa oksidishaji hutokea cheche zinapozidi uwezo wa vizimamoto.

Virusi vya homa ya ini huongeza cheche kwa njia mbili. Kwanza, askari wa mwili hutumia molekuli hizo kali kama risasi, hivyo mchochota usiokoma huwa ni kumiminiwa risasi kusikokoma. Pili, virusi vyenyewe huvuruga mitokondria. Protini ya virusi B ijulikanayo kwa herufi X hufanya hivyo, na protini inayojenga kiini cha virusi C hufanya hivyo kwa nguvu zaidi. Seli zilizojeruhiwa kwa cheche huita askari zaidi, na askari zaidi huleta cheche zaidi. Hapo mduara hujifunga.

Kutoka kovu hadi saratani

Katikati ya seli za ini mna seli zenye umbo la nyota ambazo kazi yake ya amani ni kutunza vitamini A. Zinapopokea ishara za mchochota na cheche kwa muda mrefu, huacha kazi hiyo na kuanza kutengeneza nyuzi ngumu za kovu. Kovu moja dogo halidhuru. Lakini nyuzi zikiongezeka mwaka hadi mwaka, hulizingira ini na kuligawa katika vinundu. Ini hukakamaa na kusinyaa, na damu itokayo utumboni hushindwa kupita. Hapo ndipo tumbo hujaa maji, miguu huvimba, mishipa ya koo la chakula hutanuka na kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Safari hii aghalabu huchukua miaka 20 hadi 30.

Mwisho mwingine ni saratani. Cheche zinapopiga vinasaba, na seli zikawa zinalazimika kuzaliana kila siku kuziba mapengo, makosa hujilimbikiza katika maagizo ya seli hadi moja ikaasi. Virusi B vina hatari ya ziada: hupachika vipande vyake ndani ya vinasaba vya binadamu, hivyo saratani yaweza kutokea hata kwa mtu ambaye ini lake halijasinyaa.

Mgonjwa anayefika hospitali katika hatua hizi mara nyingi amekwisha kuzunguka kwa waganga, kwa kuwa tumbo lililojaa maji ghafla kwa kijana hodari huonekana kama mkono wa mtu. Ghafla hiyo ni ya kuonekana tu. Ndani ya ini kazi ilianza miaka mingi kabla.

Vinavyochochea moto

Kama uharibifu unatokana na mchochota na cheche, basi kila kinachoongeza cheche humharakisha mgonjwa, na kila kinachozipunguza humpa muda. Haya ndiyo yaliyo mikononi mwa kila mmoja wetu.

Pombe ni ya kwanza. Ini linapovunja pombe hutoa cheche nyingi, na wakati huo huo hupunguza akiba ya glutathioni. Rubisi, bia na gongo zote zina kilevi kile kile. Tofauti ni kiasi, na gongo huleta kingi kwa mara moja. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini ushauri ni kuacha kabisa.

Ya pili ni sumukuvu. Sumu hii hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua takribani watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hata kwa kiasi kidogo kisichoua papo hapo, sumukuvu huharibu vinasaba vya ini, na inapokutana na virusi B hatari ya saratani huongezeka mara nyingi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Mkoa wetu hupata mvua karibu mwaka mzima, hivyo kukausha mahindi na karanga juu ya turubai badala ya udongo, kuhifadhi pakavu na kutupa punje zenye kuvu ni ulinzi wa ini.

Ya tatu ni dawa zinazotumiwa ovyo. Parasetamoli ni dawa salama kwa kipimo chake, ambacho kwa mtu mzima hakizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Ikizidi, humaliza glutathioni na kuua seli za ini. Mwenye ugonjwa wa ini amuulize daktari, kwani kipimo chake huweza kuwa cha chini zaidi. Baadhi ya mitishamba nayo hulichosha ini, hasa ikichanganywa bila kipimo. Ama virutubisho vya antioksidanti vinavyouzwa kwa bei kubwa kwa ahadi ya kuponya homa ya ini, hakuna kilichothibitishwa kuondoa virusi. Kuzima cheche huku ukiacha chanzo cha moto ni kuteka maji kwa pakacha.

Halikadhalika, wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria wakumbuke kichocho cha tumbo, ambacho nacho huacha makovu ndani ya ini na kuvimbisha bandama. Kina dawa yake, praziquantel, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja.

Lipo pia jambo la kufurahisha kwa mkoa wa wakulima wa kahawa. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa wanywaji wa kahawa huwa na makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Kahawa si dawa wala haichukui nafasi ya dawa, lakini mwenye homa ya ini hana sababu ya kukiogopa kikombe chake.

Vipimo vinasema nini

Kipimo cha kwanza huhitaji tone la damu na huonyesha kama virusi vipo. Kikionyesha kuwa vipo, swali linalofuata ni ukubwa wa moto. Ndani ya seli za ini mna kimeng'enya kiitwacho ALT. Seli zinapokufa humwagika katika damu, hivyo wingi wake hueleza uharibifu unaoendelea, kama majivu yanavyoeleza kuni zilizoungua. ALT iliyo sawa leo haimaanishi kuwa hali itakuwa hivyo daima, na ndiyo maana kipimo hurudiwa. Hesabu ya chembe sahani za damu na picha ya ultrasound husaidia kukadiria makovu, na kipimo cha wingi wa virusi huonyesha kasi ya kuzaliana kwake.

Si kila mwenye virusi B anayehitaji kuanza dawa mara moja. Kila mmoja anahitaji kufuatiliwa. Walio katika hatari kubwa ya saratani, hususan ambao ini lao limesinyaa, hushauriwa kupigwa ultrasound kila baada ya miezi 6.

Wanaopaswa kutangulia kupima ni wajawazito, walio na mzazi, ndugu au mwenzi mwenye homa ya ini, waliowahi kuongezewa damu zamani, wanaoishi na VVU, na watumishi wa afya.

Moto unaweza kuzimwa

Homa ya ini C hupona. Dawa za vidonge za siku hizi, zinazotumiwa kwa kawaida kwa wiki 12, huondoa virusi kabisa kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Homa ya ini B bado haina dawa ya kuiondoa kabisa, kwa kuwa virusi huacha nakala yake ndani ya kiini cha seli. Lakini dawa kama tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, huzuia virusi kuzaliana. Vita hupungua na mchochota hutulia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 348 waliotumia tenofovir kwa miaka 5 na kulinganisha vipande vya maini yao kabla na baada. Kati ya 96 walioanza ini likiwa limesinyaa, 71 hawakuwa tena katika hali hiyo. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa kovu la ini halirudi nyuma. Sasa tunajua kwamba moto ukizimwa, ini hujijenga.

Kwa wanaoishi na VVU lipo neno la pekee. Mkoa wa Kagera ndio uliotoa taarifa za wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na wapo wengi kati yetu wanaohudhuria kliniki za tiba na matunzo. Dawa wanazotumia wengi wao zina tenofovir na lamivudine, ambazo hudhibiti pia virusi B. Mwenye maambukizi yote mawili akiacha dawa ghafla, homa ya ini yaweza kulipuka upya. Asiache wala kubadili dawa bila daktari.

Chanjo ndiyo kinga iliyo bora. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na hutolewa ndani ya chanjo ya pamoja katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Taiwan, iliyoanza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, imeshuhudia saratani ya ini kwa watoto ikipungua sana. Maana yake kwetu ni mbili. Kwanza, waliozaliwa kabla ya 2002 hawakuipata utotoni. Wapime, na wasio na virusi wachanjwe dozi 3 ndani ya miezi 6. Pili, mtoto anaweza kuambukizwa siku ya kuzaliwa, kabla ya wiki ya 6. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na dawa kwa mama mwenye virusi vingi. Mjamzito mwenye virusi azungumze na mkunga mapema, kabla ya mwezi wa kujifungua, ili mpango ufanywe.

Sahani moja, nyembe tofauti

Homa ya ini B huambukizwa kwa damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, kujamiiana, sindano, chale, na wembe au mswaki wa kuchangia. Virusi B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hivyo wembe uliokauka damu bado ni hatari. Haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja wala kunywa kikombe kimoja, na mama mwenye virusi anaweza kumnyonyesha mwanawe.

Mkoa huu unajua gharama ya kumtenga mgonjwa. Katika miaka ya mwanzo ya UKIMWI wapo waliokufa wakiwa wamefichwa, na wapo waliokataa kupima kwa kuogopa macho ya jirani. Anayetengewa sahani leo kwa ajili ya homa ya ini atamfundisha mdogo wake asipime kesho. Mpeni sahani ya wote, na kila mmoja awe na wembe wake.

Hatua ya kuchukua

Mwananchi anayetaka kupima au kuchanjwa aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, au amuulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji chake mahali huduma inapopatikana. Panapohitajika vipimo zaidi atapewa rufaa kwenda hospitali, ikiwamo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayevimba tumbo, aliyegeuka manjano machoni au aliyeanza kuchanganyikiwa akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa aliyekwisha kuambiwa majibu yake na akajiuliza mbona haumwi, jibu ni kwamba ini lake bado lina akiba. Akiba hiyo ndiyo muda alio nao, na kliniki ndiyo mahali pa kuutumia.